Fundi friji: Google kwanza au Instagram?

Ndugu, umeuliza kama hela yako kidogo iende Google au Instagram, nawe ni fundi friji Mwanza. Anza na Google. Friji ikizima, mtu hana muda wa kupekua picha. Anaandika "fundi friji Mwanza" na kupiga simu papo hapo.

Fungua wasifu wa biashara wa Google (Google Business Profile), yaani ukurasa unaoonyesha biashara yako mtu akitafuta Google au kwenye ramani yake; ni bure. Chagua aina sahihi ya kazi, weka saa za kazi, picha zako halisi, na namba ileile kila mahali. Usirundike maneno ya ziada kwenye jina la biashara. Wasifu unaweza kusimamishwa. Mteja akiridhika, mtumie kwa WhatsApp siku hiyohiyo kiungo cha kuandika maoni kwenye wasifu huo, ila usimlipe kwa maoni hayo.

Tovuti yako mwenyewe inataka subira: miezi 4 hadi mwaka kabla ya kuanza kuonekana vizuri kwenye Google. Ungekuwa unauza magauni, ambayo mtu huchagua kwa picha, ningesema Instagram.