Swali la lugha: "Joto" la kigunduzi au "halijoto" yake?

Msomaji wa Uyole, Mbeya, anaandaa maelezo ya Kiswahili kuhusu redio­meta ya mikrowevu, kifaa kinachopima nguvu ya mawimbi hafifu yanayotoka angani. Ameleta sentensi hii: "Joto likibadilika, kigunduzi huharibu joto la anga." Anauliza kama aache "joto" au aandike "halijoto".

Andika "halijoto", mara zote mbili, na kwa neno moja. "Hali joto" husomeka kama hali ya kuwa na joto. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda cha baridi. Halijoto ndiyo inayosomwa kwenye kipimajoto. Sokoni Mwanjelwa hakuna anayehitaji tofauti hiyo, lakini kwenye redio­meta maelezo yote yanaitegemea.

Halijoto ya kwanza katika sentensi yako ni ya kigunduzi chenyewe, yaani diodi iliyo ndani ya kisanduku, inayogeuza mawimbi kuwa volti. Alfajiri ya Julai hapo Uyole inaweza kuwa chini ya nyuzi 10, kisha jua likipiga kisanduku ikapanda sana. Diodi ikipata moto, volti inayotoa hubadilika hata kama mawimbi yanayoifikia ni yaleyale. Ukuzaji wa amplifaya (kikuza mawimbi) iliyo mbele yake nao huyumba.

Halijoto ya pili huwezi kuigusa. "Halijoto ya antena" hutaja nguvu ya mawimbi yaliyopokelewa: ni halijoto ambayo kipingamizi (kijenzi kinachozuia mkondo wa umeme) kingekuwa nayo ili kitoe nguvu hiyohiyo. Chuma cha antena kinaweza kuwa na kelvini 290, huku mawimbi ya anga safi inayoyapokea yakihesabiwa kelvini chache tu. Ukiandika "joto la antena", msomaji atafikiria chuma kilichoanikwa juani.

Na kuyumba huko si kudogo. Kelele yote ya kifaa, yaani nguvu ya nasibu inayochanganyika na mawimbi, ikiwa kelvini 300 na ukuzaji ukabadilika kwa asilimia 1, kipimo husogea kwa kelvini 3. Hicho ni karibu kiasi kilekile cha mnururisho wa ulimwengu (mawimbi hafifu yaliyobaki tangu mwanzo wa ulimwengu) ambao wanaastronomia Penzias na Wilson waliutangaza mwaka 1965! Kwa sababu ya tatizo hili, mwanafizikia Robert Dicke alieleza mwaka 1946 redio­meta inayohama harakaharaka kati ya antena na kipingamizi cha kulinganishia ambacho halijoto yake inajulikana.

Kitenzi "huharibu" nacho kiondoke, maana anga haiguswi na kigunduzi. Kinachopotoka ni kipimo. Andika: "Halijoto ya kigunduzi ikibadilika, kipimo cha halijoto ya anga huyumba." Halijoto hupanda au hushuka. Chai hupoa na diodi hupoa, ila "halijoto imepoa" sikubaliani nayo kabisa.

Usiandike pia "nyuzi 3 za kelvini". Tangu mwaka 1967 kipimo hicho huitwa kelvini tu: nyuzi 20 za Selsiasi, lakini kelvini 293. "Jotoridi" ukilikuta vitabuni lina maana ileile ya halijoto. Usiyachanganye mawili hayo katika maelezo mamoja.