Ukienda kushuhudia darasa la mapishi, fika kabla ya moto kuwashwa

Ninyi mnaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, hasa mliochagua sayansikimu, yaani somo la mapishi, lishe na kazi za nyumbani, naomba niwasimulie wiki mbili nilizokaa nyuma ya darasa katika sekondari moja ya hapa Mwanza, upande wa Ilemela. Sikutumwa kufundisha, nilitumwa kushuhudia. Siku ya kwanza niliingia na kengele, nikajaza kurasa tatu: mwalimu kasema hivi, wanafunzi wamejibu vile, ugali umeiva. Nilipozisoma usiku sikuona hata mstari mmoja ambao ungenisaidia siku nitakaposimama mwenyewe mbele ya majiko.

Kipindi cha vitendo kilichofuata nilifika saa nzima kabla. Nilimkuta mwalimu mwenyeji anahesabu visu. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu, vuta ungo huo unisaidie." Visu vilikuwa 12. Aliandika namba hiyo pembeni ya ubao kwa chaki, kisha akajaza ndoo moja maji safi na kuifunika, akisema hiyo haiguswi na mtu, ni ya atakayeungua. Mtu akiungua anamwagiwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na asali haziruhusiwi jikoni kwake.

Darasa lilikuwa la wanafunzi 48 wa kidato cha pili, makundi sita, majiko manne. Shule ilitoa dagaa, unga na mafuta. Kila kundi lilitakiwa kuleta vitunguu, nyanya na ndimu. Viongozi wa makundi walianza kuweka vikapu vyao mezani mmoja mmoja, na kundi la tano wakaleta nyanya mbili tu. Binti aliyezileta aliziweka akainama, akaondoka haraka. Mwalimu hakumuuliza kitu. Alitoa vitunguu viwili na ndimu kwenye kapu lake mwenyewe, akaviweka kando ya zile nyanya, akafunika na aproni. Kengele ilipogonga, meza zote sita zilikuwa sawa.

Ningefika na kengele ningeandika "wanafunzi walileta mahitaji" na kupita. Mpaka leo nikipanga somo la vitendo najiuliza kwanza nani hatakuwa na kitu mkononi, na nitafanyaje wenzake wasijue.

Hata tarehe ya somo lile haikuwa ya kubahatisha. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, wavuvi wanapumzika, na bei pale soko la Mwaloni Kirumba inapanda. Mwalimu alikuwa amepanga vitendo vya dagaa kwenye juma la giza, na kipindi cha nadharia ya lishe akakisogeza kwenye mbalamwezi. Azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya muda mrefu, lililofuata mwezi wa angani! Chuoni tulifundishwa kujaza jedwali la azimio la kazi vizuri sana, lakini soko hatukuliingiza humo.

Sasa dagaa wenyewe. Mezani kwake aliweka mafungu mawili bila kusema yanatofautiana nini. Akawaita wanafunzi wasogee. Kijana mmoja ambaye kwao ni Igombe, kwa wavuvi wa ziwani, aliyatazama tu akasema, "Madam, hawa wameanikwa chini, wale ni wa kwenye chanja." Mwalimu akampa mabakuli mawili meupe. Kijana akaosha kila fungu kwa maji ya vuguvugu, akamwaga maji kwenye bakuli lake, akaacha yatulie. Bakuli la kwanza lilikuwa na mchanga chini, wa kutosha kufunika ncha ya kidole. La pili lilikuwa na magamba machache yanayoelea. Darasa zima liliinamia yale mabakuli kimya. Kisha yule kijana akaendelea mwenyewe: vichwa vinatolewa kwanza, wa mchanga wanaoshwa mara tatu au zaidi, na usiwaloweke muda mrefu watavunjika. Mwalimu aliongeza jambo moja tu, kwamba dagaa huliwa pamoja na mifupa yake, na ndiyo sababu ana kalsiamu nyingi kuliko mnofu wa sangara.

Nilichojifunza pale ni kuchagua kundi moja na kulifuata mwanzo mpaka mwisho. Ukitaka kuona makundi sita kwa pamoja utaona moshi tu. Mimi nilikaa na kundi la tano. Nikagundua kwamba ubaoni, ambako somo huendeshwa kwa Kiingereza, wawili tu ndio waliokuwa wakijibu. Jikoni waliongea wote wanane, Kiswahili na Kisukuma kikichanganyika, na walielezana mambo sahihi kabisa: mafuta yakianza kutoa moshi yamezidi kupata moto, samaki akiwa na maji atarusha mafuta. Mwalimu aliwaacha waseme. Mwishoni ndipo alipochukua maneno yao yale yale, akaandika kando yake maneno ya Kiingereza watakayokutana nayo kwenye upimaji wa kidato cha pili. Kama unashuhudia darasa la mapishi, tafadhali usiandike "wanafunzi ni wazito" kabla hujawasikia wakiwa karibu na sufuria.

Kosa langu nalo nilieleze. Mvulana wa kundi langu aliacha kitunguu kikaanza kuungua. Nikainuka, nikachukua mwiko mkononi mwake, nikakoroga. Kitunguu kilipona, lakini yeye alirudi nyuma hatua mbili na hakushika tena mwiko mpaka kipindi kikaisha. Baadaye mwalimu aliniambia kwa upole, "Ungemwacha aunguze, mwanangu. Nilikuwa na kingine kapuni." Dakika chache kabla nilikuwa nimemwona yeye mwenyewe akivuka chumba kwa kasi na kumshika mkono msichana aliyetaka kutumbukiza upawa wenye maji kwenye mafuta ya moto. Basi nikaelewa mpaka wake uko wapi. Mafuta, kisu, moto na mtungi wa gesi anaingilia papo hapo. Chakula kikiharibika anaacha, kisha anauliza kimeharibikaje. Mgeni uliyekuja kushuhudia una nafasi finyu zaidi: hatari ikitokea msaidie, vinginevyo mikono yako ibaki kwenye kalamu.

Na usiondoke watu wanapoanza kula. Vipindi viwili mfululizo ni dakika 80, na yeye alizihesabu kuanzia mwisho kurudi mwanzo: 20 za usafi zilitengwa kwanza, kilichobaki ndicho cha kupika. Wavulana waliosha masufuria sawasawa na wasichana, kwa zamu iliyobandikwa ukutani, wala hakuna aliyenung'unika. Majivu ya mkaa yalimwagiwa maji kabla ya kutupwa.

Wote walipotoka nilimuuliza swali ambalo nawashauri mlibebe kila mnapokwenda: "Leo umebadilisha nini kwenye andalio la somo?" Akalifungua daftari. Alikuwa ameandika kwamba atawaonyesha kuosha dagaa yeye mwenyewe kwa dakika 15. Alikuwa ameikata sehemu hiyo kwa kalamu nyekundu, na pembeni kaandika jina la yule kijana wa Igombe.

Kisha akanipa ufunguo wa kabati, nihesabu visu. Nilivihesabu mara mbili. Vilikuwa 12.