Unaanza fizikia ya atomi na leza? Shika atomi moja kwanza

Wadogo zangu mnaoingia kwenye fizikia ya atomi, molekuli na mwanga, mimi mwaka wa kwanza niliumaliza kwenye hesabu ndefu za kwanta, mlinganyo wa Schrödinger naandika bila kuangalia daftari, lakini siku naulizwa atomi tunazozipoza maabara zinakimbia spidi gani sikuwa na jibu. Msipite njia hiyo.

Chukua rubidi-87, aina ya atomi ya metali, wengi ndo wanaanza nayo, namba zake zikae kichwani kama namba ya simu ya mama. Inanyonya mwanga wa nanomita 780, inakaa nao nanosekunde 26 hivi halafu inautema. Kwenye joto la chumba inakimbia karibu mita 300 kwa sekunde, na fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ikiigonga kwa mbele inaipunguza milimita 6 tu kwa sekunde. Gawanya mwenyewe: fotoni kama elfu 50 mpaka isimame. Ni nyingi kweli, ila ikimulikwa vizuri atomi inarudia kunyonya na kutema zaidi ya mara milioni 10 kwa sekunde, kwa hiyo ni milisekunde chache tu imetulia. Na masafa ya leza, yaani mitetemo ya mwanga wake kwa sekunde, unayaweka chini kidogo ya yale atomi inayonyonya, maana atomi inayoijia leza inayaona masafa yamepanda, kama king'ora cha ambulensi inayokuja upande wako, basi inayoijia leza ndo inanyonya zaidi na ndo inayofungwa breki. Mimi hapa ndo nilielewa mwanga unapozaje kitu, na vitabu vikaanza kusomeka.

Halafu pimeni, msiiamini nadharia kabla ya kipimo. Mwaka 1988 kundi la William Phillips kule Marekani lilipima sodiamu iliyopozwa likakuta mikrokelvini 40 hivi, yaani sehemu 40 za milioni za digrii moja juu ya sifuri halisi ya joto, wakati nadharia ilisema haiwezi kushuka chini ya 240. Wakapima tena kwa njia nyingine na nyingine, ikawa kweli, nadharia ndo ilikuwa na pengo. Phillips akapata Nobel 1997 pamoja na Steven Chu na Claude Cohen-Tannoudji.

Lingine nawaomba sana, macho. Hiyo nanomita 780 jicho haliioni vizuri, utaona kidoa chekundu hafifu udhani leza ni dhaifu kumbe inachoma. Vaa miwani inayokinga urefu huohuo wa wimbi, vua saa na pete, na ukidondosha skrubu ziba mwale kwanza ndo uiname.