Usimpe fundi hizo kanda za mzee, nisome kwanza

Mkuu simama hapo hapo. Salamu tutapeana baadaye.

Nimesoma uzi wako wote. Kwamba siku hizi umezama kwenye albamu ya Songs for the Poor Man ya Dk. Remmy Ongala na makusanyo ya nyimbo za bendi ya Sikinde (Mlimani Park) na za mwimbaji Marijani Rajab, kwamba umekuta boksi la kanda za kaseti za baba yako juu ya kabati, kwamba kuna fundi kakwambia atazihamishia zote kwenye flashi kwa jioni moja halafu kanda zenyewe utupe maana zina ukungu na zinakula nafasi, na unaomba watu wakutajie albamu nyingine na spika ya kununua. Sasa naona wadau kurasa mbili nzima wanakujibu spika. Spika! Mtu anataka kubomoa nyumba nyie mnambishia rangi ya pazia.

Mimi hilo la fundi limeshanipata, ndio maana nikiona ung'ongo nashtuka. Kaa chini usome.

Mzee wetu alipofariki ndugu waligawana vitu, mimi nikapewa kanda kwa sababu hakuna aliyezitaka. Chache zilikuwa za dukani, nyingi alirekodi mwenyewe kutoka redioni, ile kukaa na radio kaseti kidole kiko kwenye pause unasubiri mtangazaji amalize kuongea, na nyingine alikwenda na mashine yake ukumbini DDC Kariakoo Sikinde wakipiga, akaiweka mezani na bia zao. Juu ya lebo ameandika kwa peni ya bluu, mwandiko wa karani. Nikasema nitafanya jambo la maana hapa, nizihamishe, kila ndugu apate flashi yake siku ya arobaini. Surprise. Niliipata mimi hiyo surprise.

Shemeji yangu mmoja (bado anakuja kwangu kula pilau, na bado namwangalia vibaya) akaniambia kuna fundi mtaalamu hapo mjini, bei poa, unampa leo kesho jioni unachukua. Na mimi nikafurahi! Hapo ndipo akili ilitakiwa ipige honi, haikupiga. Hebu tupige hesabu pamoja, hesabu ya darasa la tatu. Kanda ya C60 ina dakika 60, thelathini kila upande. Ili uihamishe inabidi iimbe, dakika kwa dakika, hakuna njia ya kuikamua haraka kama haujawa na mitambo ya studio. Zile deki za kanda mbili zenye kudurufu haraka zinapunguza muda tu, na tena zinaua sauti za juu. Sasa mtu mmoja, boksi mbili za viatu zimejaa kanda, jioni moja, anazifanyaje? Ofisini kwake kulikuwa na deki moja imefunikwa kitambaa na juu ya kitambaa kuna glasi ya maua ya plastiki. Deki inayofanya kazi haiwekewi maua juu. Ila laptopu, aisee laptopu ile ilikuwa inachapa kazi.

Alikuwa anasoma lebo, anaandika jina la wimbo YouTube, anashusha, anatupia kwenye flashi. Basi. Ndio "kuhamisha" kwenyewe.

Na ukiniuliza kwa nini sikugundua, ni kwamba nilichomeka flashi pale pale kwake, ikapiga wimbo wa kwanza sekunde chache, safi, gitaa linalia kama limerekodiwa jana. Ilikuwa safi mno na mimi nikaona ndio utaalamu. Kanda iliyokaa miaka juu ya friji haiwezi kutoa sauti ile hata uiombee dua! Akaniuliza, bosi hizi kanda unaondoka nazo au tukusaidie kuzitupa. Nikamwambia tupa. Nikamuongezea na ya soda kwa kunipunguzia mzigo. Ndio, nilimpa mtu hela ya soda kwa kunitupia sauti ya baba yangu, chekeni tu, mimi nimeshajicheka mwenyewe nimemaliza.

Siku ya arobaini ikafika, dua imeisha, wageni wameondoka, tumebaki wana familia uani kwenye mkeka. Shangazi akasema weka ile ya DDC, ile ambayo mzee anamwambia Mwanaidi nyamaza narekodi. Mwanaidi ndio yeye mwenyewe shangazi. Kila mtu kwenye familia anaijua ile sehemu, wimbo unaanza, shangazi anasikika anacheka kwa mbali, mzee anasema "Mwanaidi wee, nyamaza narekodi", halafu Gurumo, mwimbaji wa Sikinde, anaingia. Nikachomeka flashi kwenye sabufa kwa mbwembwe. Wimbo ukaanza. Hakuna kicheko. Hakuna Mwanaidi. Gurumo anaimba vizuri kabisa, na katikati ya ubeti likapita sauti la dijei likinguruma jina lake na kutuomba tusubscribe.

Watoto waliangua kicheko. Shangazi akaniangalia akauliza, "Huyu naye alikuwepo DDC?"

Tukaendelea kupekua. Wimbo mmoja umejirudia mara tatu kwa majina matatu. Zile kanda ambazo lebo ilifutika, jamaa kazijazia kwaya, sijui hata kwaya ya wapi, mzee wangu Mswahili wa Ilala hajawahi kumiliki kwaya maisha yake yote. Kesho yake nikaenda kwa fundi nimevimba, akanijibu bila kupepesa, "Kwani si nyimbo zile zile?" Kanda? Alishampa wa makopo na plastiki.

Si nyimbo zile zile! Na hapa nawasema na nyie mnaoandika humu "kila kitu kipo YouTube siku hizi", nyie ndio mnawapa mafundi wa namna hii ujasiri. Enzi za Ujamaa bendi zetu zilikuwa zinarekodi studio za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) pale Dar kwa ajili ya kupigwa redioni, kiwanda cha kuchapa sahani za santuri hatukuwa nacho, sahani zilitoka Nairobi, na mara nyingi bendi ilikwenda kuurekodi wimbo upya huko huko. Kwa hiyo wimbo ule ule unaweza kuwa na toleo la redio na toleo la sahani, solo tofauti, beti tofauti, spidi tofauti. Na ukumbini ndio usiseme, wimbo wa dakika nane unafika robo saa, waimbaji wanataja watu waliokaa meza za mbele. Kanda ya mzee aliyerekodi redioni au ukumbini inaweza kuwa ndiyo pekee yenye toleo hilo. Halafu kuna vile visivyo muziki, mtangazaji, salamu za wasikilizaji, jirani anabisha hodi. Hivyo YouTube atavipakia nani?

Ndio maana nimeruka niliposoma uliposema "zile zisizo na lebo ndio za kutupa kwanza". Mkuu, za dukani unaweza kuzipata tena kwa mtu mwingine. Zisizo na lebo hazipo kwa mtu mwingine duniani. Hizo ndio uanze nazo.

Sheria yangu ni moja tu na nitaiandika mpaka mods wanifunge: orijino haitoki mkononi mwako mpaka umesikiliza kopi yake yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa masikio yako. Sio wimbo wa kwanza. Sio sekunde chache. Upande A wote na upande B wote. Na ukishasikiliza bado usiitupe, ila hapo angalau nitalala.

Kazi yenyewe wala haihitaji mtaalamu. Tafuta deki nzima, waya kutoka tundu la hedifoni kwenda kwenye laptopu (laptopu nyingi za sasa hazina tundu la kuingiza sauti, nunua kile kidude cha USB), weka programu ya kurekodi ya Audacity, ni ya bure, bonyeza rekodi, kaa hapo unywe chai. Upande mzima faili moja, usikatekate nyimbo, ukikata ndio unapoteza akina Mwanaidi. Hifadhi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), ni kama MB 10 kwa dakika, yaani C60 moja inakula MB 600 hivi. MP3 ya 128 kbps, ile iliyobanwa, ni kama MB 1 kwa dakika, hiyo ya kusikilizia kwenye gari tu. Ukubwa wa faili nao unasema ukweli, mimi mafaili ya flashi yangu yalikuwa madogo mno ila macho yalikuwa kwenye bei.

Zenye ukungu usizichomeke hivyo hivyo, utachafua hedi (kile kichwa cha deki kinachosoma utepe) na kuambukiza nyingine, zitenge kwanza. Hedi ifute kwa pamba na spiriti. Kanda ikitoa sauti hafifu inayokatika angalia kile kisponji katikati, huwa kinadondoka, unafungua skrubu unahamishia utepe kwenye ganda lingine. Na kama gitaa linasikika limezibwa zibwa, pembeni ya hedi kuna kaskrubu kadogo, kazungushe taratibu huku unasikiliza mpaka sauti ifunguke, utashangaa. Kabla ya yote vunja vile vimeno viwili vya juu, mtoto asije akabonyeza rekodi. Utepe ukilegea unauzungusha kwa peni ya Bic, hilo nadhani hata wa 2000 mnalijua.

Ah, albamu uliuliza. Hiyo ya Remmy ya 1989 ilitengenezwa Uingereza, studio za Real World, ndio maana imenyooka vile, ukiimaliza ingia Mambo ya 1992, halafu Virunga Volcano ya Samba Mapangala, hiyo sina maneno. Ila za Sikinde unazoziita albamu nyingi ni makusanyo yaliyopangwa miaka mingi baadaye, wakati ule watu walifuata wimbo mmoja mmoja redioni, kwa hiyo albamu halisi ya enzi zile ni kanda aliyoipanga mtu kama baba yako kwa mkono wake, wimbo upi uanze upi ufuate. Unayo juu ya kabati unaniuliza mimi usikilize nini.

Kama huna deki nicheki inboksi, yangu nitakuazima ukiwa Dar. Ila haiendi kwako, unakuja wewe na boksi lako, na hunyanyuki hapo mpaka upande B umeisha.