Tumtupe mmoja wapone wanane?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Tulipanda jahazi kutoka Pangani kwenda Mkokotoni, watu tisa, na magunia ya mkaa na mbuzi sita. Tukiwa katikati, kusi ikachafuka, maji yakaingia. Tukatupa mkaa, kisha mbuzi, mwenyewe analia tusiwaguse. Chombo bado kizito. Kijana mmoja akasema: huyu mzee ana miaka themanini, hata kufua maji hawezi, na hapa tuna mama mwenye mimba. Mimi nikasema basi tupige kura, kama walivyofanya kwa Nabii Yunus, kura ikamwangukia akatupwa baharini. Nahodha akatukemea, tukashika ndoo, Mungu akatuvusha. Lakini sheikh, si bora afe mmoja wapone wanane?

JIBU: Waalaykumu salaam. Nahodha wenu Allah amlipe kheri. Siku ile alikuwa faqihi wenu, mjuzi wa sheria, hata kama hajakaa darasani.

Suala hili ni la zamani. Mwanachuoni Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), alitaja jahazi kama lenu hasa: wakimtupa mmoja watapona, wasipomtupa wataghariki wote. Akasema haifai, maana maslahi ya namna hiyo lazima yawe ya umma mzima. Abiria wa chombo kimoja, wawe tisa au tisini, si umma mzima. Na katika Qur'ani, sura ya Al-Maidah, aya ya 32, mwenye kuua nafsi moja bila haki ni kama aliyeua watu wote. Sasa hiyo hesabu yako ya mmoja kwa wanane utaipigia wapi?

Kura ya Nabii Yunus imo katika As-Saffat, kweli. Lakini wanazuoni wamesema hilo lilikuwa lake na la zama zake. Sisi hatumtupi mtu baharini kwa kura. Kura hugawa kitu ambacho mnacho haki nacho, na uhai wa mzee yule hamkuwa nao. Hata angesema mwenyewe "nitupeni", bado msingemgusa.

Ama umri wake na mimba ya yule mama, mafaqihi walisema hatupwi mwanamume ili apone mwanamke, wala mtumwa ili apone muungwana. Na waliyaandika hayo wakati mtumwa anauzwa sokoni kwa bei! Kijana wenu ameanza kupanga bei upya kwa miaka.

Kinachopimwa baharini ni mali. Hutangulia kisicho na roho, kisha mnyama, kwa hiyo mkaa kabla ya mbuzi mlipatia. Ila kuna jambo hukuuliza. Mbuzi wale mmewatupa bila idhini ya mwenyewe. Kuwatupa kulifaa, dhambi hamna, lakini dhamana ipo: waliowatupa wamlipe thamani yake. Kaeni na bwana yule mkubaliane bei, asiposamehe kwa ridhaa yake.

Na mzee, kama aliyasikia maneno yenu, mwende nyumbani kwake wewe na huyo kijana, mumuombe radhi angali hai.

Wallahu aalam.