Kabla hujafungua mswada wa Kiyahudi-Kiarabu

Anayetaka kusoma tiba, falaki na hesabu za Wayahudi wa Misri na Andalusia (Hispania ya Waislamu) wa zama za kati aanze na Kiarabu, Kiebrania kifuate. Istilahi za sayansi zilikuwa zimeshachongwa Baghdad karne ya 9, vitabu vya Kigiriki vilipofasiriwa, na wanazuoni wa Kiyahudi walizichukua zilivyo. Ila walipoandikiana wenyewe kwa wenyewe, Kiarabu hicho mara nyingi walikiandika kwa herufi za Kiebrania; ndicho Kiyahudi-Kiarabu.

Herufi za Kiebrania ni 22, za Kiarabu 28. Zile 6 zinazopungua huonyeshwa kwa nukta: kafu yenye nukta ni khee, daleti yenye nukta ni dhali. Balaa ni kwamba wanakili huziacha nukta hizo. Katika maelezo ya kuchanganya dawa, khall (siki) bila nukta haitofautiani hata kidogo na kull (yote). Ukijikuta umeambiwa uloweke mbegu "kwa yote", rudi nyuma, hapo pana siki. Gimeli, inayobeba jimu na ghaini pia, inasumbua zaidi, kwani wapo waliotia nukta kwenye jimu na wapo waliotia kwenye ghaini. Tafuta kwanza neno usilolitilia shaka, kama ghayr (isiyo), uone mkono wa mnakili huyo umezoea lipi.

Nakili ukurasa mzima kwa herufi za Kiarabu kabla ya kufasiri hata sentensi moja. Sarufi usiinyooshe, irabu za mwisho zimeanguka kwa sababu ndivyo watu walivyosema.

Tarehe za hati za Fustat (Kairo ya kale) mara nyingi ni za kalenda ya Kiseleuko, inayohesabu miaka tangu 312 KK. Ili kupata mwaka wa Miladi toa 311, au 312 kama mwezi unaangukia kati ya Tishri (mwezi wa Kiyahudi wa Septemba–Oktoba) na Desemba. Namba zenyewe ni herufi, na 15 huandikwa 9 na 6, kwani herufi za 10 na 5 zingeandika jina la Mungu.

Aina ya herufi hufuata msomaji. Musa bin Maimun (1138–1204), tabibu na mwanafalsafa wa Kiyahudi, aliandika Dalalat al-Hairin (Mwongozo wa Waliotatizika) kwa Kiarabu cha herufi za Kiebrania, kwa ajili ya mwanafunzi wake Myahudi. Risala ya afya aliyomwandikia al-Afdal, mwana wa Salahuddin, isingeweza kwenda hivyo; ilitaka herufi za Kiarabu. Na ukikuta Dalalat kwa Kiebrania, jua ni tafsiri: Samuel ibn Tibbon, huko Provence (kusini mwa Ufaransa), aliimaliza mwaka 1204, kisha ikambidi atunge faharasa ya maneno mageni. Neno likikukwama humo, lifuate kwenye Kiarabu.