Maswali na majibu: Baipasi bado mpya, mbona imeshachoka?

Mwezi uliopita niliandika mistari michache kuhusu ile baipasi mpya ya upande wa Changamwe, hapa Mombasa, ambayo imeanza kubonyea kabla ya kuona masika yake ya pili. Jina lake siliandiki, wanaoipita wanaijua. Meseji zimekuja nyingi, baadhi zina matusi ambayo si ya kuandikwa hapa. Nimechagua chache. Kwa wasionijua: nimezeekea kwenye maabara ya barabara, kazi ya kupima udongo na kukata vipande vya lami kuona kama vimeshindiliwa sawasawa.

*Shikamoo mzee. Mimi ni dereva wa matatu. Pale kwenye kilima barabara imefanya mifereji miwili, usukani unavutwa wenyewe. Upande wa kushuka ni safi kama meza. Lami ni ile ile, siku ya kutandazwa ni ile ile. Inakuwaje? — Dereva, Miritini*

Marahaba mwanangu. Lami ni kama halua. Ipige kofi la haraka, haisikii kitu. Iegemee kidole polepole, itabonyea na alama itabaki. Trela likishuka linapita mbio, kila kipande cha barabara kinabeba uzito kwa nukta tu. Likipanda linatambaa kwa gia ya kwanza, na uzito ule ule unakaa pale pale muda mrefu zaidi. Ongeza jua letu la Februari, ambapo uso wa lami unaweza kupita nyuzi 60 za selsiasi wakati sisi kivulini tunalalamikia 33. Ndiyo maana mifereji huanzia vilimani, kwenye mizunguko, kabla ya matuta na pale polisi wanaposimamisha magari.

Lakini joto na kilima si siri. Aliyeipanga ile barabara alijua kwamba Mombasa kuna jua na kwamba malori yatapanda, kwa hiyo hicho si kisingizio. Nilikwenda mwenyewe Jumapili asubuhi na fito ya alumini ya mita mbili, nikailaza kukatisha barabara. Pale kati, chini ya fito, kiberiti kilicholazwa kilipita bila kugusa. Nilichokuwa nakitafuta hasa kilikuwa pembeni mwa mfereji: je, kuna migongo? Mfereji ukiwa mpana kama sahani na hauna mgongo, kilichozama ni udongo wa chini. Ukiwa mwembamba, na pembeni lami imeinuka kama unga uliosukumwa na kiganja, basi lami yenyewe ndiyo imehama. Pale migongo ipo, unaiona bila hata miwani.

Lami iliyohama ina sababu zake. Huenda gundi nyeusi ilizidi, au ilikuwa laini kuliko ilivyotakiwa, au mchanga uliotiwa ni wa punje za mviringo zinazoteleza badala ya vumbi la mawe yaliyosagwa lenye makali ya kung'ang'aniana. Kuna na jambo moja ambalo watu hawaliamini nikiwaambia: lami nzuri lazima iwe na hewa ndani. Mchanganyiko hupangwa ubaki na nafasi za hewa za kama asilimia 3 hadi 5. Ikishuka chini ya 3 baada ya magari kuikanyaga, gundi inakosa pa kwenda, kokoto zinaanza kuelea na barabara inatiririka. Ikiachwa na hewa nyingi, tuseme 8 au 9, kwa sababu rola ilifika lami imeshapoa, maji yanaingia na gundi inazeeka mapema. Mapana ya kukosea ni hayo tu, na hayapimwi kwa jicho. Yanapimwa kwa kukata kipande na kukipeleka maabara.

Dawa yake ni kukwangua tabaka lile lote na kutandaza jingine. Nimesikia kuna mpango wa kuweka lami mpya juu ya hiyo iliyobonyea. Ni sawa na kutandika shuka safi juu ya godoro lililolowa.

*Nikiwa na mimba ya miezi saba naogopa kupita kile kidaraja. Gari likifika mwanzo wa daraja linaruka, likitoka linaruka tena. Mume wangu anasema daraja linazama. Ni kweli? — Mama, Mtongwe*

Mwambie baba watoto ageuze: daraja halijazama, ni barabara inayolifikia. Daraja linasimama juu ya nguzo zilizochimbiwa mpaka kwenye mwamba au udongo mgumu. Tuta la udongo linalopanda kukutana nalo limekaa juu ya tope la mikoko, na tope hilo limejaa maji kama sifongo. Ukilibebesha maelfu ya tani linakamuliwa polepole, na maji yanapotoka ardhi inashuka. Kazi hiyo inaweza kuchukua miaka. Ziko njia za kuiharakisha: kuchomeka vitambaa vya kunyonya maji chini kabisa, kisha kurundika udongo wa ziada juu na kusubiri miezi mingi kabla ya kuweka lami. Hapo kwenye kusubiri ndipo wakubwa wanaposhindwa, maana siku ya kukata utepe huwa imeshapangwa. Kwa sasa mwambie dereva apunguze mwendo, nawe kaa siti za katikati, si za nyuma.

*Nani analipa? Sisi tena? — Mlipa kodi, Kisauni*

Inategemea tarehe. Mikataba mingi ya barabara ina kipindi cha dhamana baada ya kukabidhi kazi, mara nyingi miezi 12, na sehemu ya pesa za mkandarasi huzuiliwa mpaka kiishe. Kasoro ya kazi yake ikiandikwa ndani ya kipindi hicho, anarekebisha kwa gharama yake. Kikiisha, mzigo unahamia kwenye matengenezo, na hapo ndiyo wewe: tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli unayonunua ina shilingi 25 za kutunza barabara. Kwa hiyo uliza kasoro zimeandikwa lini na nani. Kumuuliza diwani wako ni kupoteza nauli, barabara kuu ziko chini ya serikali ya kitaifa.

*Mimi ni mke wa dereva wa trela. Kila barabara ikiharibika ni malori, malori! Mume wangu anapita mizani ya Mariakani kila safari. — Mke wa dereva, Jomvu*

Dada yangu, nusu ya haki unayo. Hiyo nusu nyingine acha niimalize kwanza.

Kati ya 1958 na 1960, huko Illinois, Marekani, wanajeshi waliendesha malori usiku na mchana kuzunguka barabara za majaribio mpaka zikafa, na wataalamu wakahesabu. Walichokipata ni kwamba madhara hayapandi sambamba na uzito. Yanapanda kwa takriban kipeo cha nne, yaani uzito ukiwa mara mbili, madhara huwa kama mara 16. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja (mtaimbo unaoshika magurudumu ya kulia na kushoto) yenye matairi manne, na trela zima lisizidi tani 56. Ekseli hiyo ikibeba 12, zimezidi tani mbili tu, lakini barabara inaumia mara mbili. Probox iliyojaa abiria na magunia, ekseli yake haifiki tani moja, kwa hiyo ekseli halali ya trela inaumiza barabara zaidi ya mara 10,000 kuishinda. Malori si malaika.

Sasa haki yako. Mumeo anapimwa. Tipa la mchanga au kokoto linalotoka kusini kuja mjini halina haja ya kupita Mariakani, na mengi nimeyaona yamejazwa hadi mchanga unamwagika ubavuni. Tena, mzigo uliozidi unaweza kuiua barabara ya miaka 15 ikiwa na miaka 8. Ikifa na mmoja na nusu, msiniambie ni trela. Tafuteni mwingine.

*Baada ya mvua niliona maji meupe kama tui yakiruka kutoka kwenye nyufa, gari zito likipita. Ni chokaa? — Mwenye duka, Mikindani*

Umeona vizuri kuliko wakaguzi. Hilo tui ni unga wa mawe kutoka tabaka lililo chini ya lami. Maji yameingia, gurudumu linayakamua, na kila yanaporuka yanatoka na unga. Chini panabaki pengo. Baadaye nyufa zinaungana kama ngozi ya mamba, kisha kipande kinang'oka na shimo limezaliwa.

Usiitazame lami, tazama mtaro. Huko Miritini na Changamwe udongo mwingi ni wa mawe laini yanayooza kuwa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Maji yakisimama mtaroni wiki nzima yanajipenyeza chini ya barabara. Na mtaro ule, samahani jirani, umezibwa na chupa za plastiki na makaka ya madafu kutoka hapo hapo madukani. Kiraka kikiwekwa bila kuuzibua, hakitavuka Mei.

*Si waweke zege tu tumalize? — Kijana, Likoni*

Zege halihami kwa joto, na njia za mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam zilijengwa hivyo. Lakini gharama ya mwanzo ni kubwa, na juu ya udongo mbovu nalo linapasuka. Kulikarabati ni kazi nzito zaidi.

*Nasomea ujenzi. Nitajuaje kama ufa unakua? — Mwanafunzi, Tudor*

Chora mstari wa rangi pale ufa unapoishia, andika tarehe, piga picha na sarafu ya shilingi 20 kando yake. Rudi baada ya mwezi. Usitumie chaki, mvua itaifuta. Nenda alfajiri ya Jumapili na mwenzako wa kutazama magari, kwa sababu pale kilimani trela zinazoshuka hazina subira.